Kuni za Matanga Yako

Papa,

Siku tulikuzika watu walisema mengi pembeni ya kaburi. Mimi nilinyamaza. Walizani ni huzuni. Ilikuwa huzuni, ndiyo, lakini ilikuwa pia haya, na ile haya nimeibeba miezi tatu.

Vile vipande vyako makumi ine, Papa. Vya kule savana ya Rwindi, vyenye ulikata kwenye miti iliyoangushwa na upepo. Ulivipanga nyuma ya nyumba hapa Munigi, kila kimoja na namba yake ya rangi nyekundu. Ulishavizamisha ndani ya maji kupima ukubwa, ukaandika kwenye kaye, daftari yako ya kazi. Ilibakia kuvikausha kwenye furu, lile jiko la kukaushia, na kupima uzito, ili tujue kila muti wa savana unaweka kaboni kiasi gani. Ugonjwa ukakukamata. Ukaniambia, "Furaha, utamaliza wewe." Nikaitika.

Siku ya pili ya matanga, mbele ya kukuzika, nyumba ilijaa watu. Mama jirani akaniuliza, "Mutoto, kuni ziko wapi? Maharagi bado mabichi." Akili yangu haikuwa pale. Nilinyoosha mukono nyuma ya nyumba, nikasema, "Kule." Neno moja tu, Papa!

Ziliwaka vizuri, sitakudanganya. Ile mugunga ilikaa na moto mpaka mchana, wamama wakasifu: "Marehemu alijua kuchagua kuni." Nilipoona namba nyekundu inageuka nyeusi chini ya chungu, nilikaa juu ya mawe, nikalia kwa sauti. Tantine, dada yako, akanishika. Kazi yako yote tulipikia maharagi, na mimi ndiye nilionyesha njia.

Unakumbuka siku ile ulinicheka? Nilikuwa nimekuonyesha muti munene, wenye utomvu kama maziwa, nikasema huu ndio umebeba kaboni mingi. Kisha ukaniwekea mikononi kipande chake kikavu, chepesi kama mukate, na pembeni kijiti cha mugunga chenye kilinishusha mukono. "Macho yako imepima maji," ukasema. Ulicheka mpaka ukakohoa. Ninakukosa, Papa. Ninakukosa sana.

Kipande kimoja kilipona: namba kumi na saba, kile ulikuwa unazuiliaka mulango wa chumba chako usigongwe na upepo. Hakuna mama aliyethubutu kukigusa.

Nilikipeleka kwenye furu ya ofisi yako. Nilipima kila asubuhi, vile ulinifundisha, bila haraka. Siku ya kwanza kilipunguka. Ya pili tena, na ya tatu. Siku ya ine na ya tano balansi ikaonyesha uzito ule ule, basi nikajua maji imeisha, imebakia muti wenyewe. Niliandika chini ya mwandiko wako.

Mukubwa wako wa kazi nilimwambia ukweli wote. Akasema njia ya Rwindi, yenye imefungwa sasa, ikifunguka, nitapanda gari na wenzake kukata vipande vingine.

Vinabakia makumi tatu na tisa. Nitavitafuta, Papa, muti kwa muti, na nitavifungia ndani kwa kufuli. Pumzika sasa.

Mulango wako unagonga siku nzima. Mama ananiomba niweke jiwe. Nimekataa: namba kumi na saba yenyewe ndiyo itarudi pale, siku kaye yako itajaa.

Mutoto wako,
Furaha