Tandiko la Malkia

Kasokola, Mpanda

Mayu, mama yangu mpendwa,

Mwangaluka! Umeamkaje, na hilo goti limepoa? Mimi mzima, nimenenepa hadi ukinikuta njiani utanipita. Nimeamua kuandika maana simu zetu hukatika kabla stori haijanoga.

Najua kaka Masanja bado anacheka kwamba binti wa wafugaji wa ng'ombe analisha nguruwe. Mwache acheke. Nguruwe wana akili, jamani! Shida ilikuwa majike wenye mimba. Bosi aliwafungia kwenye vizimba vyembamba, hata kugeuka hawawezi. Kutwa wanatafuna mbao, midomo imejaa povu. Nikajitia mjuzi, nikawaning'inizia kamba zilizofungia marobota ya tumbaku, wapate cha kuchezea. Weee! Banda zima likapiga chafya. Nikazitoa mbio, bosi ananiita mchawi.

Aliyeniumiza zaidi ni jike mmoja, Malkia. Uzao uliopita aliwalalia watoto wake wakafa, bosi akaapa: akirudia, anaenda kwa muuza kitimoto akawe nyama. Siku zake zilipokaribia nikamwona anakwangua sakafu tupu kwa kwato, anasukuma kwa pua kitu ambacho hakipo. Nikasema, huyu anataka kutandika. Si hata kuku wako hutafuta majani kabla ya kutaga?

Nikamwomba bosi tung'oe mbao za katikati, vizimba viwili viwe kimoja, nimwekee na majani ya mpunga.

"Yataziba mfereji."

"Nitauzibua mimi kwa mikono yangu."

"Nguruwe ni nguruwe tu, Kabula." Ila alikubali, shingo upande.

Mayu, ungemwona! Alibeba majani kwa mdomo, akapanga, akapangua, akapanga tena, kama shangazi akingoja wageni. Kisha akajilaza polepole, akajifungua kimya. Asubuhi kila mtoto alikuwa kwenye ziwa lake. Nililia, sikuficha. Mpaka leo hajamlalia hata mmoja, na bosi amesema majike wote watapata majani.

Jana yule muuza kitimoto akaja na pikipiki yake, maana alishaambiwa akae tayari. Bosi akamzuia mlangoni.

"Rudi zako, na usipige honi hapa," akamwambia. "Ndani kuna mzazi."

Nisalimie Baba, bibi, na mama jirani anayekusomea barua hii. Mungu amzidishie macho. Nawapenda nyie wote.

Ni mimi binti yako,
Kabula, mkunga wa Kasokola