Sifa Nilizoandika Juu Yako, Mama

Kalemie, Jumanne asubuhi

Mama mupenzi,

Magoti yanakuacha utembee? Papa anakohoa bado? Sisi huku tunapumua, Mungu asifiwe. Riziki ameota jino la pili na hataki kulala isipokuwa mugongoni kwangu, kwa hiyo hii barua naiandika nimesimama, karatasi juu ya kabati. Usichekelee mwandiko.

Katekista, wewe unayemusomea Mama, tafadhali soma pole pole na usiruke kitu, hata pale utaona haya kwa ajili yangu. Nimemupa motari, huyu mwenye pikipiki ya kubeba watu, hii barua kwa sababu simu za huko kwenu Kiambi haziiti tangu juma lililopita, na kuna watu wako njiani wanakuja kwako, Mama; wanaenda pole pole, natumaini motari atawatangulia. Wana mutoto aliyevunjika muguu. Mufupa umetoboa ngozi.

Ngoja nikuelezee, maana kosa ni langu.

Parokia hapa ilifungua mafunzo ya interneti kwa wamama vijana. Madamu Solange, anayetufundisha, alisema kila mumoja atengeneze tovuti, maana yake ukurasa ambao mutu yeyote mwenye simu anaweza kuusoma popote alipo. Hatukupanga maneno wenyewe. Kuna programu ya akili bandia ndani ya simu: inakuuliza, unajibu, yenyewe inaandika na kuweka rangi. Wengine walitengeneza juu ya ndakala, samaki wadogo wanaowakausha, mumoja juu ya ushonaji wake. Mimi nilitengeneza juu yako.

Iliniuliza unafanya kazi gani. Nikajibu kama mutoto anavyojibu akiulizwa juu ya mama yake. Nikasema unaunga mifupa kwa maganda ya muti na mafuta ya mawese, kwamba hakuna mutoto aliyeshinda mikono yako, kwamba walioletwa wamebebwa walirudi kwao wakikimbia. Unajua tunavyosema. Kwetu mutu akisifu mama yake, anayesikiliza anapunguza mwenyewe, na hakuna anayedanganywa. Ile programu haikupunguza, iliongeza. Ikaandika kwa herufi kubwa: "Hakuna mutoto anayemushinda. Bila kukatwa, bila hospitali."

Neno la hospitali sikulisema mimi. Lakini nililisoma, Mama, siwezi kukuficha. Nilifikiri labda mambo ya interneti yanaandikwa hivyo. Nikaweka na njia ya kufika kwako, nyuma ya kanisa, na namba yangu ya simu. Nikabonyeza pale pa kutangaza, wamama wakapiga makofi. Papa Riziki aliposoma alisema, "Sasa mama mukwe amekuwa munganga mukubwa. Nitaanza kumuogopa." Tukacheka, na mimi nikatembea juma zima na kichwa juu.

Jana mchana nilikuwa nafua nguo za mutoto, simu ikaita. Ni mwanaume wa Nyunzu, anaitwa Papa Kasongo.

"Mama, tumekwisha kutoka, tuko njiani. Mutoto alianguka toka juu ya muembe. Huyu Mama wa Kiambi tutamukuta?"

"Mufupa umetoka inje?"

"Umetoka. Wanganga wa hospitali walitaka kumupasua, tukamutoa."

"Papa, murudi hospitali. Mufupa wa namna hiyo Mama hashikake."

"Lakini munasema hakuna mutoto anayemushinda."

"Nani alisema?"

"Si wewe? Iko hapa kwa simu, nasoma."

Kisha laini ikakatika. Nimepiga mpaka kidole kinauma, haiiti. Nikakimbia kwa Madamu Solange na sabuni mikononi. Tukaondoa yale maneno, tukafunga ukurasa wote. Akaniambia, "Basi, imefutika." Nikamwambia, "Lakini yeye alikwisha kuisoma, yuko kwa pikipiki na mutoto."

Unakumbuka yule muvuvi wa muto Luvua aliyeletwa na mukono uliovunjika, mufupa inje, mimi nikiwa mutoto mwenye kukushikia vitambaa? Ndugu zake walipiga magoti, walileta na mbuzi. Ulisema, "Huu si wangu. Huu ni wa hospitali, na muende sasa hivi." Ulikataa mbuzi, ukawafukuza karibu kwa fimbo, na yule mutu alipona. Nilikuwa pale, niliona. Programu iliponiuliza sikuisema, kwa sababu haikuonekana kama sifa.

Sasa Mama, unisamehe nikikuamuru. Usimushike huyu mutoto. Ninajua moyo wako: mama yake akilia, utasema niache nijaribu kidogo tu. Usijaribu. Wasikae hata kunywa maji. Kaka Ilunga awatangulie na pikipiki yake mpaka hospitali ya Manono. Wakikuonyesha simu, sema ni binti yako aliandika, wewe hukujua. Wakitaka kutukana, wanitukane mimi.

Tangu jana, kila nikimubadilisha Riziki nguo najikuta nimeshika muguu wake, siuachilii mpaka anakasirika. Nawaza, kama mutu angeniandikia uongo mimi, nami niko na mutoto analia, ningefanya nini? Ningepanda pikipiki kama wao.

Unisalimie Papa, na anywe dawa hata kama ni chungu. Umusalimie Kaka Ilunga na mukewe, pia Shangazi anayetunza ufunguo wa kanisa. Umwambie jina la Riziki liko kwenye maombi yangu pamoja na la huyu mutoto wa Nyunzu, ambalo hata sikuuliza.

Motari anarudi huku Ijumaa. Katekista ataandika majibu, lakini bahasha nitaogopa kuifungua. Kwa hiyo, kama mutoto alifika hospitali, umupe motari karanga, hata za kujaza ngumi moja, zifungwe katika kimoja cha vile vitambaa vyako. Kama hakufika, usitume karanga.

Nitakuwa nimesimama pale motari anaposhukia toka asubuhi, nikitazama mikono yake.

Ni mimi binti yako,
Espe, Mama Riziki