Simu ya Mutuku Iko Makindu

Alhamisi, 8 Mei
Sare tano za shule leo. Zipu mbili zimekataa. Mchana nikafungua barua pepe ya kaka yangu Mutuku, kama kila wiki tangu apotee. Miezi kumi na minne. Nenosiri lake liko kwenye daftari langu la vipimo, tuliliandika siku nilipomfungulia akaunti. Huwa nakuta matangazo tu. Leo nikabonyeza mahali sijawahi kubonyeza, orodha ya vifaa vinavyotumia akaunti. Simu yake iko. Iliwashwa Jumapili iliyopita, saa nane mchana. Mahali: karibu na Makindu.

Nimejidunga sindano kidoleni.

Ijumaa, 9 Mei
Nimempigia mara sita. Hapatikani, kama siku zote. Lakini aliondoka akisema anaenda Kibwezi, kutafuta kibarua kwenye mashamba ya umwagiliaji, na Kibwezi na Makindu ni majirani. Kwa hivyo alifika. Kwa hivyo yuko.

Baba mdogo alikuwa ameshapanga na mchungaji maombi ya kumuaga, Jumamosi ya wiki ijayo. Kumuaga mtu ambaye hatujamzika! Nimemwambia asimamishe, na amesimamisha. Nikampa habari Mwaitu, mama yetu. Alichukua mtungi akaenda kuteka maji, na mtungi mwingine nyumbani ulikuwa bado umejaa. Nimemkasirikia. Mama gani hafurahi?

Jumapili, 11 Mei
Nimesimama kutoa ushuhuda. Mutuku yuko hai, yuko Makindu. Kanisa zima likapiga makofi. Baba mdogo alilia mbele ya watu, na huyo mtu halii hata akifiwa na ng'ombe. Mwaitu aliinamisha kichwa. Akaenda nyumbani mapema, mimi nikabaki na kwaya.

Jioni nimeangalia. Simu iliwashwa tena leo, saa nane. Makindu.

Jumatano, 14 Mei
Sifanyi kazi. Nakata kitambaa, naacha, naangalia ukurasa. Nahisi ananitazama kutoka upande wa pili wa kioo na hataki kusema. Nimefanya nini? Tulimkosea nini?

Jumapili, 18 Mei
Nimetoka Migwani kabla ya jua, sikwenda kanisani. Kufika Makindu nikazunguka na picha yake. Stendi, sokoni, kwa wachoma nyama. Hekalu la Masingasinga wanalisha wapita njia bila kuuliza, nikakaa nikala chapati na dengu, nikamwonyesha mpishi. Akaitazama picha sana. "Dada, sura kama hii zinapita hapa kila siku. Kula kwanza."

Saa nane na dakika tano nikafungua ukurasa. Simu ya Mutuku: imewashwa dakika nne zilizopita. Makindu.

Nilitoka mbio bila hata kukumbuka kupiga, bila viatu, nilikuwa nimevivua mlangoni. Nikaita jina lake barabarani kama mwendawazimu. Wanaume wawili waligeuka. Mmoja alikuwa na mabega yake. Nikamshika mkono. Hakuwa yeye.

Alikuwa hapa na mimi, mji mmoja, saa ile ile. Na hakutoka.

Jumanne, 20 Mei
Naogopa simu yangu sasa. Nimeipeleka kwa Kasyoka mwenye saiba, duka la intaneti, nikamweleza yote. Akachukua simu yangu, tumekaa hapo hapo Migwani, akanifungulia orodha ya vifaa vyangu mwenyewe. Mahali: karibu na Makindu.

"Umeona? Hata wewe uko Makindu saa hii."

Akanieleza polepole. Simu ikiingia kwa mtandao inapewa namba. Wale wenye barua pepe hawakuoni, wanaangalia namba kwa orodha yao, wanakisia. Namba ikipitia mitambo ya mbali, unaandikwa huko mbali. Kesho itasema Mombasa.

"Basi simu yake iko wapi?"

"Mahali popote. Hata hapa."

Nimerudi dukani nikakaa. Nilisimama mbele ya kanisa zima kwa sababu ya kukisia.

Jumatano, 21 Mei
Nilikwenda kwa Mwaitu kumwambia nimekosea. Nilimweleza habari ya namba. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaingia chumbani, akarudi na kitu kimefungwa kwa leso.

Simu ya Mutuku.

Aliikuta chini ya godoro la Mutuku siku alipoondoka. Imezimwa, imefutwa vumbi. Mtu anayekwenda kutafuta kibarua haachi simu. Mwaitu alijua tangu siku ile kwamba mtoto wake hakutaka kupatikana, akaubeba ukweli huo peke yake. Kila Jumapili mimi nikiwa kwaya anaichaji kwa sola, anaiwasha, anaiwekea krediti kidogo.

"Nikiacha laini ife, watapea mtu mwingine namba yake. Siku akikumbuka kupiga nyumbani, kwa kichwa anajua hiyo moja tu. Atapata mgeni."

Nilitaka kumpigia kelele. Nililia tu. Yeye hakulia.

Jumapili, 25 Mei
Nimesimama tena. Nimesema simu iko nyumbani, ilikuwa nyumbani siku zote, na Mutuku hatujui aliko. Hakuna aliyepiga makofi. Mwaitu alisimama nami, akanishika kiwiko. Baba mdogo amesema maombi yatakuwa mwezi ujao, na Mwaitu amekubali, ila laini isiguswe.

Sikubaki na kwaya. Tumekwenda nyumbani pamoja. Saa nane nimeiwasha mimi, Mwaitu akiwa ameketi karibu, mikono mapajani. Tukangoja mpaka chaji ikajaa. Hakuna aliyepiga.

Nimeangalia ukurasa. Leo wameandika Kibwezi.