Uvungu wa Gari la Baba

Chumba cha uani,
Nyumba yenye geti la bati.
Jumapili, baada ya chai.

Mpendwa Dada,

Anayekuandikia ni fundi ambaye magari yakimwona yanazima yenyewe kwa heshima. Nikilala chali chini ya gari, kutu inaomba ruhusa kuondoka. Juzi kuna lori lilikuwa limegoma kabisa. Nilikohoa tu karibu yake, likawaka. Kama huko uliko hawajasikia habari zangu, basi umekwenda mbali mno.

Haya, hujambo? Shemeji hajambo? Na mpwa wangu mwenye meno ya sungura, bado anawang'ata wenzake? Sisi wazima, ila uzima wa kusemea tu. Mama goti linamsumbua akipanda ngazi. Baba haumwi popote, na ndiye anayetutia wasiwasi kuliko wote. Uliniuliza kwenye simu mbona anaitikia "mm" tu, nikasingizia mtandao. Haukuwa mtandao. Ninaandika kwa sababu nikipiga simu anakaa pembeni yangu na kusikia kila neno. Usicheke mwandiko. Shule niliiacha, lakini herufi hazikuniacha.

Habari yenyewe ni ya Kobe. Unalijua lile gari: limenizidi umri, na Baba husema limenizidi adabu pia. Sasa asubuhi moja, akitoka kuwapeleka watoto wa majirani shule, alilipandisha kwenye jiwe lililojificha ndani ya dimbwi. Lililia kama sufuria inayoburutwa sakafuni. Akarudi nalo likichuruzika oili njia nzima, bomba la moshi linaning'inia.

Hata hakushtuka, akalivuta moja kwa moja gereji. Tangu lini Kobe akaguswa na fundi mwingine zaidi ya Cheche, bosi wangu, rafiki yake Baba tangu hawajaota ndevu? Cheche ana utaratibu wake. Hachomelei kitu mpaka uvungu wote uoshwe, kisha ugongwe kwa nyundo ndogo, mbele mpaka nyuma. Chuma kizima kinalia ngiii. Kilichooza kinajibu pu, kama mtu aliyeulizwa nani kamaliza sukari. Siku hizi mgongo haumruhusu kulala chini, kwa hiyo masikio yake ni mimi.

"Haya daktari, ingia wodini," akaniambia.

Nikaingia kwa madaha. Nikawa namtajia vidonda: sampu, kile chombo cha oili chini ya injini, imepasuka, bomba limekatika, sakafu chini ya kiti cha dereva ina tundu la kupitisha ngumi.

"Na nyuma?"

"Nyuma linalia kama kengele, bosi!"

Cheche akachomelea. Viraka vyake, Dada, ungedhani kashona kwa cherehani. Tukapaka ile rangi nyeusi ya kuzuia kutu. Baba akalizunguka gari, akachuchumaa, akachungulia.

"Cheche, wewe mchawi."

"Mchawi mwanao. Mimi nimechomelea tu."

Nilivimba kichwa mpaka kofia ikanibana.

Raha yenyewe haikumaliza wiki. Baba alikuwa ameshawashusha watoto shuleni, anageuza gari, mara nyuma kukasikika mlio, paa! Springi ya gurudumu ilikuwa imetoboa chuma kilichooza, ikachomoza palepale watoto wanapoweka miguu. Kuna aliyesahau mkoba wake pale chini. Ulikutwa umechanika.

Wazazi wakawatoa watoto wao, mmoja baada ya mwingine, wote kwa adabu na pole nyingi. Ile adabu ndiyo iliyommaliza Baba.

Siku aliyokuja gereji nilikuwa chini ya gari la mtu, kwa hiyo niliona viatu tu.

"Ningeua watoto wa watu, Cheche! Mbele umenipambia, nyuma ukaniachia kaburi. Uliangalia nyuma, au hukuangalia?"

Viatu vya Cheche viligeuka upande niliko. Vikakaa hivyo. Kisha nikamsikia akisema, "Gereji ni yangu. Lililotoka hapa nimelitoa mimi."

"Basi tusijuane."

Viatu vya Baba vikaondoka. Hawajasemeshana tena.

Sasa Kobe yuko uani juu ya matofali. Baba alileta fundi mwingine, akachoma uvungu wa nyuma kwa bisibisi, ikazama kama kwenye sabuni iliyolowa. "Mzee, wauzie wanunua vyuma chakavu." Hakuna anayethubutu kukata kile chuma kilichooza na kutia kingine isipokuwa Cheche, na Baba anasema afadhali gari liishe lote. Lakini nimemwona Cheche akikata kipande cha chesisi, ule mhimili wa chini unaobeba gari, kutoka gari bovu, kipimo cha Kobe hasa. Kakiegemeza nyuma ya mlango. Hasemi ni cha nani, nami siulizi.

Kila asubuhi, saa ya kuwachukua watoto, Baba anavaa shati lake la kazi, anaingia ndani ya Kobe, anashika usukani. Mama anampelekea chai humo humo. Jana alipiga honi kidogo, mara moja, kama alivyokuwa akiwaita watoto. Mama aliweka kikombe chini akaingia ndani. Mimi nilibaki nimesimama na mswaki mdomoni.

Msalimie shemeji, mbusu mpwa wangu kabla hajaniuma. Mama anakusalimu sana. Mungu akulinde wewe na miguu ya mwanao, popote anapoiweka.

Ukipiga simu, mwambie Baba aende kwa Cheche. Wewe anakusikiliza. Atakuuliza kwa nini. Nimejaribu kumwambia mwenyewe, nikifika mlangoni pa gari naishia kusema chai inapoa.

Siku ile ya kumgonga Kobe nyundo nilikuwa na shati jipya, na yule binti wa saluni ya jirani alikuwa amesimama anatazama. Nilikoosha ni mbele tu. Nyuma kulikuwa na tope limekauka nene, lingenirukia, nikaliacha. Nyundo haikugusa nyuma, Dada, hata mara moja. Cheche aliponiuliza, nikamwambia kengele.

Mdogo wako anayekupenda,
yule wa nyundo.