Mshale Uliolala Hamsini

Jumatatu, 9 Machi 1998

Mimi nilizaliwa na bahati, wacha watu waseme. Hakuna mashine imewahi kufa mikononi mwangu. Leo nimehamisha jampa mbili tu, vile vifuniko vidogo vya kupangia mwendo, ndani ya kompyuta ya Mama Awino, na chipu ya megahezi mia moja sitini na sita sasa inakimbia mia mbili. Mafundi wengine wanasomea hayo chuoni. Mimi niliacha shule darasa la saba, nikasomea Mwanza na Kampala, kwenye mabenchi ya watu.

Mama Awino ana chumba kimoja hapa Obunga, anapiga chapa programu za mazishi, vile vijitabu vya ratiba na maisha ya marehemu. Mashine ni hiyo moja. Watoto wanne wanakula kwayo. Zamani akiita picha ya marehemu kwenye skrini, anamenya viazi vya sufuria nzima ndio itokee. Leo kisu hakushika.

Joto? Chipu ukiikimbiza inachemka, na mashine hii haina kitu cha kusoma joto. Basi nimeleta kipimajoto changu cha Port Victoria, kile cha mviringo chenye mshale usoni na sindano ndefu chini, tulichokuwa tunadungia samaki kwenye barafu. Nimechomeka sindano katikati ya mapezi ya alumini juu ya chipu. Hamsini. Digrii hamsini haziui chipu. Safi.

Jumanne, 10 Machi

Hamsini asubuhi. Hamsini saa saba, mabati yanalia kwa jua. Hamsini jioni. Mshale hautikisiki. Mama Awino anaambia wateja, "Huyu si fundi, ni daktari." Nikamwambia, "Mama, usinishushe. Profesa." Nimekula samaki kwake, ngege mzima, na kichwa.

Jumatano, 11 Machi

Sijisikii vizuri.

Chai ya saa nne. Kwa mchezo tu nikatumbukiza sindano kwenye kikombe. Hamsini. Chai imetoka jikoni sasa hivi, imeniunguza ulimi. Hamsini vipi? Nikaangalia karibu. Namba zinaishia hapo. Kuna kipini kidogo mwisho, mshale umekilalia. Samaki wa barafu anataka zaidi ya hamsini ya nini?

Kwa hivyo chipu iko sabini. Au tisini. Sijui.

Kurudisha jampa ni dakika tano. Lakini wateja walikuwa watatu, na Mama Awino ananionyesha kwao kama bwana harusi. Nikapangusa sindano kwa shati. Nikasema kesho. Samaki nikala tena.

Alhamisi, 12 Machi

Kesho ndiyo leo. Sikurudisha.

Saa nane alikuja Dani, bibi mzee wa kutoka Awasi. Jumamosi anazika mtoto wake wa mwisho, mwalimu. Hajui kusoma, kwa hivyo yeye anasema, Mama Awino anapiga. Masaa matatu. Alivyomzaa njiani akitoka sokoni. Shule alizofundisha. Majina ya watoto, wajukuu, mashemeji, hakuruka hata mmoja, maana jina likikosa kwenye programu ukoo hausahau. Alilia mara mbili.

Katikati Mama Awino aliniuliza kama ahifadhi kwanza. Mimi huyo, mdomo wazi: "Maliza tu, Mama. Hii haigandi tena."

Alipoingiza picha ya marehemu, skrini ikaganda. Halafu harufu. Nikagusa alumini, kidole kikaungua. Haiwaki tena. Maneno yote ya Dani yameenda.

Nikasema ni stima, umeme umepanda ghafla. "Si mnajua stima ya Obunga."

Mama Awino akamwomba Dani msamaha kwa ajili ya stima. Dani akasema, "Si kitu, mwanangu. Nitasema tena." Akanipa mimi pole. Eti nimechoka.

Mimi ni takataka.

Ijumaa, 13 Machi

Nimebeba kompyuta yangu mwenyewe kwa baiskeli, nimeifunga blanketi. Nimeiweka pale pale mezani.

Dani akakaa kiti kile kile, akaanza upya. Lakini leo ni fupi. Hakulia. Alipofika kwa mtoto akiwa mdogo akasimama, akauliza, "Jana hapa nilisema nini?" Mama Awino hakukumbuka. Mimi nilikuwa nimekaa hapo masaa matatu nikisikiliza mashine, si yeye. Dani akaruka hapo, akaendelea na shule.

Alipoondoka na karatasi zake nikamwambia Mama Awino. Si stima. Ni mimi. Nilijua tangu Jumatano.

Alikunja kitambaa cha kufunika mashine, pole pole, mara nne. "Jumatano ulikula hapa?"

"Nilikula."

"Na ulijua?"

"Nilijua."

Akaingia nyuma ya pazia.

Jumapili, 15 Machi

Wamezika jana. Sikuenda. Ningesimama upande gani?

Mashine yangu imebaki kwa Mama Awino. Sikuigusa jampa, inakwenda mwendo wake wa kiwandani. Leo tulikutana mlangoni pa kanisa. Alinipa mkono. Hakusema fundi, hakusema daktari. Alisema, "Umeamkaje," basi.

Mvua ndogo imenyesha, imekatika. Niko ndani.

Nimesoma niliyoandika Jumatatu. Uongo. Mashine ya kwanza ilinifia Mwanza. Ya pili Kampala, ndio maana nilihama. Hii ni ya tatu.