Mashine ya Esansi Uliyoichagua, Yaya Fideli

Yaya Fideli,

Huko Yanonge uliko, kaka yangu, sijui kama bado unajiita fundi. Hapa Kisangani neno hilo hatulitumii tena tukikutaja.

Unakumbuka siku tulipokwenda mimi na wewe kununua mashine ya kukoroga simenti, tulipopata kazi ya kujenga zahanati? Zilikuwa mbili. Ya mazuti, yaani dizeli, ilikuwa nzito, kuiwasha mpaka watu wawili wazungushe chuma. Ya esansi, yaani petroli, ilikuwa nyepesi, unavuta kamba tu. Nilikuambia esansi inashika moto upesi, na sisi tutakoroga kutwa nzima juani. Ukanicheka mbele ya muuzaji: “Mazuti iko ya watu ya nguvu bila akili. Mimi niko chef, mukubwa ya kazi, alors nyamaza.” Ulikuwa umevaa shati jeupe. Kwenda kununua mashine!

Kisha ikaja siku ya kumwaga zege la sakafu. Adhuhuri mashine ikazimika, esansi imekwisha. Gaspard, mkorogaji wetu, alishika bidoni, dumu la esansi, akasita. “Chef, iko moto bado. Tungoje kidogo ipoe.”

“Simenti itakauka! Tia!”

Akatia. Moto ukaruka, ukamshika mikono yote miwili. Mimi nilimrushia mchanga, nikamfunika kwa gunia. Wewe ulikuwa umeshafika barabarani, Yaya, na lile shati halikuwa na hata doa.

Lakini sikudharau kwa sababu ya mbio zile. Mtu huogopa. Wala kwa sababu ya esansi. Mashine haikumlazimisha mtu kuitilia ingali moto. Nakudharau kwa sababu ya jioni ile, mwenye kazi alipouliza, nawe ukajibu bila kupepesa macho: “Gaspard alikuwa anavuta sigara.” Gaspard, ambaye hajawahi kuweka tumbaku mdomoni! Akafukuzwa angali amefungwa bendeji. Wiki iliyofuata ukapanda boti, hukumuaga hata mama.

Nilikwenda mwenyewe kwa mwenye kazi nikamweleza ukweli. Akamrudisha. Sasa tunatumia ya mazuti. Inapiga kelele, inatoa moshi mweusi, inatuchosha asubuhi, halafu inakoroga mpaka jioni. Vidole vya Gaspard havinyooki tena. Yeye ndiye msimamizi. Akisema ngoja, tunangoja.

Jana aliniuliza kama uko mzima. Aliuliza kwa moyo safi.

Mimi moyo huo sina. Baki huko.

Mdogo wako, kwa kuwa mama yetu ni mmoja