Sakafu Isiyoteleza

Jumatatu, 3 Machi

Fundi wa sakafu amekuja. Mwanamke! Nilitarajia mtu wa kitambi na penseli sikioni. Huyu mwembamba, akapiga magoti gerejini, akamwaga kikombe cha maji katikati, akayatazama. Hayakunywewa. Eti sakafu imesuguliwa mno, tena imekunywa mafuta ya magari miaka mingi, imeshiba. Rangi ikipakwa hivi hivi itabanduka.

Akauliza mgonjwa, yaani mume wangu, aliangukia wapi. Nikamwonyesha. Yalikuwa mafuta? Nikasema ndiyo.

Si kweli. Niandike basi, kwani nani atasoma? Ilikuwa sabuni. Wiki tatu zilizopita nilishikwa na wazimu wa usafi — nusu ndoo ya sabuni ya unga, gereji nzima, nimshangaze mume wangu. Kabla sijasuuza, simu ikalia. Wifi. Tukaongea weee! Mume wangu akaingia na jeki mkononi, akateleza. Nyonga ikavunjika.

Walipombeba kwenda hospitali nilibaki nyuma, eti nafunga mlango. Nikachukua mpira wa maji, nikasuuza. Dakika tano tu. Mimi huyo.

Jumanne, 4 Machi

Hospitali. Amekaa kitandani, ndevu zimeota ovyo. Anasema miaka thelathini ya kutengeneza magari anawakemea watu wafute mafuta wanayomwaga, leo ameacha yake mwenyewe. Na hakumbuki kabisa kuyamwaga. Hilo ndilo linalomtisha, si nyonga.

"Mke wangu, mtu asiyekumbuka alichomwaga hafai kushika breki za gari la mwenzake. Nikitoka hapa naacha."

Nilikuwa namenya chungwa. Nikaendelea kumenya.  Nikasema tutaweka sakafu mpya. Sakafu! Mtu anakupa moyo wake unampa sakafu.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekuwa mtaalamu sasa. Wifi anataka vigae, papendeze kama hotelini. Fundi kamcheka: jeki ikishuka juu ya kigae, kwaheri kigae. Rangi ya kawaida? Tairi lililotoka barabarani lina joto, litaing'oa. Mikeka ya mpira? Mafuta yatajificha chini yake. Imebaki epoksi, ile rangi ya gundi inayoganda kama jiwe. Ngumu, haipitishi mafuta, hufutika kwa kitambaa. Ila ikilowa ni barafu, lazima irushiwe mchanga ikiwa bado mbichi.

Kwanza alibandika kipande cha nailoni sakafuni kwa gundi, pande zote nne. Leo kakibandua. Pakavu chini, hakuna unyevu unaopanda. Nilishusha pumzi kama aliyepewa majibu ya daktari.

Nikampigia mgonjwa. Epoksi sawa. Mchanga? Akang'aka! Kile kibao chake cha magurudumu, anacholalia akiingia chini ya gari, kitakwaruza na kukwama. Na nati ikidondoka ataionaje kwenye mchanga?

Mtu anayeacha kazi anabishania magurudumu ya nini? Nilicheka peke yangu jikoni. Halafu nikalia kidogo.

Jumapili, 9 Machi

Wifi kaja kunisaidia kutoa makabati. Mdomo haufungi. Kaka yake kazeeka, macho yamekwisha, "kikulacho ki nguoni mwako, wifi, mafuta yake mwenyewe yamemla!" Akacheka. Mimi nikainamia kabati nikajifanya limenilemea. Kikulacho kilikuwa kimeshika upande wa pili wa kabati, kinatoka jasho.

Nilitaka kumwambia. Lakini wifi ni redio. Akijua yeye, mume wangu atasikia kabla sijavaa viatu.

Jumanne, 11 Machi

Siku ndefu! Jana fundi alichuna sakafu kwa mashine, vumbi mpaka kwenye sukari. Leo asubuhi kaleta vibao vitatu alivyovipaka epoksi kwake: mchanga laini, wa kati, mkali. Nichague kabla hajaanza kupaka. Akanitolea chupa ya mafuta ya gari. Jaribu mwenyewe, mama, kanyaga.

Nikasema subiri. Nikaenda jikoni. Nikarudi na sabuni ya unga na maji. Nikavua viatu.

Mchanga laini — niliteleza, akanidaka mkono. Wa kati ukashika. Mkali ukashika, lakini magoti ya mtu anayefanya kazi chini yangechubuka. Nikasukuma kibao cha magurudumu juu ya ule wa kati. Kikapita, kwa kelele. Nikadondosha nati. Naiona! Basi huo huo wa kati, rangi ya kijivu cheupe.

Fundi alikuwa ananitazama. Kwa upole tu, akasema, "Wateja wote hunijaribia kwa mafuta. Wewe wa kwanza kuleta sabuni."

Nikainama kuokota nati. Naye hakuuliza tena. Akafungua kopo, akaanza kukoroga. Mimi nikasimama pale na miguu yenye povu, uso unawaka.

Ijumaa, 14 Machi

Tabaka la pili limekauka. Kutembea ruksa, gari mpaka wiki ijayo. Nimetembea humo mara ishirini, kavu na maji. Haitelezi. Ingekuwa hivi siku ile!

Mume wangu kapiga simu. Kesho anatoka. Na kampigia fundi mwenzake wa zamani aje kesho hiyo hiyo kuchukua vifaa vyote. Spana, jeki, mashine ya upepo. Anampa. "Vitumike na mtu mwenye akili timamu."

Nikasema usifanye haraka. Akaniuliza kwa nini. Nikasema... kwa nini basi! Nikasema mvua inanyesha. Hapakuwa na wingu.

Nimwambie kesho kabla mgeni hajafika. Mlangoni pale pale. Nimeapa.

Jumamosi, 15 Machi

Hakupitia hata sebuleni. Moja kwa moja gerejini, magongo mawili, mimi nyuma kama mlinzi. Akagonga sakafu kwa gongo. Akalisukuma, halikwenda. Akakanyaga, akageuka, akainama alivyoweza akapapasa kwa kiganja. Uso ukalegea. "Hapa hata mlevi hatelezi." Nimeolewa naye miaka ishirini na sita, naujua uso ule. Ni uso wa mtu anayetaka kufanya kazi.

Halafu honi. Fundi mwenzake, na gari la mizigo. Mapema!

Wakasalimiana, wakakumbatiana. Akamfungulia makabati. Mimi nikasema, kwa sauti iliyonishangaza, "Baba, kichwa chako ni kizima." Wote wawili wakanigeukia.

"Umejuaje, mama watoto?"

Ananiuliza kweli, hatanii. Macho yote kwangu. Nikasema ngoja nikuletee kiti, usisimame sana.

Kiti kiko hapa mlangoni mwa jikoni, nimekishika kwa mkono wa kushoto. Naandika kwa wa kulia, daftari juu ya friji. Nini kinanishinda? Maneno matatu tu: ilikuwa sabuni yangu. Nasikia spana zinaingia sandukuni, moja moja. Anazitaja kwa namba, anamwelekeza mwenzake ipi ilimfaa kwa nini. Sauti yake inakwama kwenye kumi na saba.

Ananiita. "Mke wangu! Kiti kimefika wapi?"